Paipu Yenye Mizani Ndani Yake: Kuchongesha Njia ya Hewa ya Gari la Turbo

Kwenye gereji za Kampala, kuanzia Ndeeba hadi zile zinazozunguka soko la vipuri la Kisekka, mwenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution hakosi kuambiwa maneno haya: "Ssebo (bwana), hii paipu ya kiwandani inalibana gari. Tukuchongee kubwa, uone litakavyoruka." Wengi hukubali. Gari huruka kweli siku za mwanzo, kisha linaanza kuzimika kwenye foleni, au linatoa moshi mweusi, au linakuwa zito likipanda mlima. Wapo ambao huishia kufungua injini na kukuta pistoni imepasuka. Hapo lawama huanza kuzunguka: fundi wa welding hajui kazi, petroli imechakachuliwa, turbo ni ya bandia.

Mara nyingi fundi wa welding hana kosa. Mishono yake imenyooka na paipu inang'aa. Kosa lilikuwepo kabla hajawasha mashine, pale wote wawili walipodhani kile kipande ni bomba la kupitishia hewa tu. Kwenye magari mengi ya turbo, paipu ile ni kifaa cha kupimia, na injini nzima inategemea vipimo vyake.

Kuchongesha chenyewe hakuna ubaya, na mara nyingine hakuepukiki. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Impreza na Evolution nyingi zinazopendwa zimeshavuka umri huo, kwa hiyo zilizomo nchini ndizo zinazotunzwa, na mpira wa kuingiza hewa kwenye turbo ukipasuka baada ya miaka 20 ya joto, kupata mpya wa kiwandani si rahisi. Mafundi wa chuma wa Katwe, hapa Kampala, wanaweza kukutengenezea kitu kizuri, ila lazima uwaambie unataka nini hasa.

Maneno tutakayotumia

Njia ya hewa ni kila kitu ambacho hewa inapitia kutoka nje hadi kwenye silinda. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni moja inazungushwa na moshi wa ekzosi, na nyingine inavuta hewa safi na kuisukuma kwenye injini. Shafti hiyo ikiwa kazini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kumbuka tarakimu hiyo tutakapofika kwenye usafi wa paipu.

Turbo inaigawa njia ya hewa pande mbili zenye tabia tofauti kabisa. Kabla ya turbo kuna chujio la hewa, paipu yenye sensa, na mpira unaoingia kwenye turbo. Hapa hewa inavutwa, kwa hiyo presha ndani ya paipu ni ndogo kuliko ya nje, na mpira dhaifu hujibana kama mrija wa soda ukivutwa kwa nguvu. Baada ya turbo kuna paipu za kwenda intakula, yaani rejeta inayopoza hewa, kisha throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, na mwishoni maniforodi inayogawa hewa kwa silinda. Huku presha ni kubwa kuliko ya nje. Ziada hiyo ndiyo busti. Mpira dhaifu wa upande huu huvimba na kuchomoka.

Maneno mawili ya mwisho: mchanganyiko hafifu ni hewa nyingi na petroli kidogo, na mchanganyiko mzito ni kinyume chake. Gari la turbo likiwa kwenye busti kamili huhitaji mchanganyiko mzito kiasi, kilo 11 hadi 12 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kwa sababu petroli ya ziada hupoza chumba cha kuchomea. Likipata hafifu, joto hupanda na mafuta huanza kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Mafundi husema injini inagonga.

Mizani mlangoni

Fikiria ghala la mnunuzi wa kahawa Masaka. Mlangoni pana mizani. Kila gunia linapimwa, karani anaandika kilo, na keshia aliye chumba cha ndani analipa kwa kufuata kitabu cha karani. Keshia mwenyewe haoni gunia hata moja.

Sensa ya hewa, ambayo mafundi huiita MAF, ndiyo mizani. Kompyuta ya injini ni keshia, na petroli inayotoka kwenye injekta ndiyo malipo. Ukielewa ghala hili umeelewa matatizo karibu yote ya paipu za kuchongesha, kwa sababu yote huangukia kwenye makosa matatu.

La kwanza, ukuta una tundu nyuma ya mizani na magunia yanapenyezwa humo. Kahawa imeingia lakini haikuandikwa, na mkulima hakulipwa. Huo ni uvujaji kati ya sensa na turbo: hewa inaingia bila kupimwa na bila kupewa petroli, na mchanganyiko unakuwa hafifu. Pia hewa hiyo haikupita kwenye chujio, kwa hiyo inakuja na vumbi.

La pili, gunia limepimwa na kuandikwa, kisha limeibwa kabla ya kufika stoo. Keshia amelipa kahawa ambayo haipo. Huo ni uvujaji baada ya turbo: hewa iliyopimwa inatoroka, petroli yake inabaki, na moshi mweusi unatoka nyuma. Turbo nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia, ikijichosha bure.

La tatu ni baya kuliko yote kwa sababu halionekani wala halisikiki. Mtu amebadilisha mizani yenyewe, na gunia la kilo 100 linasomeka 86.

Kosa hilo la tatu ndilo linalofanywa na paipu kubwa. Sensa ya waya moto, iliyo kwenye Impreza WRX na STI za miaka ya 2000, haihesabu hewa yote inayopita. Ina waya mdogo unaopashwa joto, na hewa ikipita inaupoza. Kadiri unavyopozwa, ndivyo kompyuta inavyojua hewa inapita kwa wingi gani. Lakini hesabu hiyo imeandikwa kiwandani kwa paipu ya kipenyo kimoja tu. Tuseme sehemu ya sensa ilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 65, na wewe umechongesha ya 70. Tofauti ya milimita 5 inaonekana ndogo, lakini eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo: 70 kugawa kwa 65, ukizidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.16. Hewa imeongezeka kwa asilimia 16 na waya unahisi upepo ule ule. Kompyuta iliyopanga kilo 11.5 za hewa kwa kilo ya petroli inapata 13.3 bila kujua. Kwenye busti kamili, hiyo ndiyo njia ya kuelekea pistoni iliyopasuka. Injini ya Subaru ya EJ25 inajulikana sana kwa udhaifu wa kingo za pistoni zinazoshika ringi, na kwa hiyo haivumilii mchezo huu kwa muda mrefu.

Ukipeleka ile sehemu hadi milimita 76, ambayo ni saizi inayopendwa kwa sababu ndiyo inchi tatu, kosa linafika asilimia 37. Gari litasumbua hata likisimama.

Magari hayafanani, lakini. Lancer Evolution za injini ya 4G63 zinatumia sensa inayohesabu vijisulisuli vya hewa vinavyozaliwa nyuma ya kizuizi kidogo, na sensa hiyo imekaa pamoja na boksi la chujio. Hiyo huchanganyikiwa ukifunga chujio la koni ambalo halikukaa sawa kwenye mdomo wake. Toyota Celica GT-Four ya toleo la ST205 haina mizani mlangoni kabisa: ina sensa ya presha kwenye maniforodi, sawa na keshia anayeingia stoo na kukadiria kahawa kwa kuangalia rundo lilivyo. Kwa gari la namna hiyo, kubadilisha kipenyo cha paipu kabla ya turbo hakuharibu vipimo. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuulizia bei ni hili: gari langu linapima hewa kwa njia gani, na sensa iko wapi?

Paipu kubwa kiasi gani?

Injini ya lita 2 ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa busti ya bar 1 inavuta takriban lita 180 za hewa kila sekunde. Hizo ni jerikani tisa za lita 20, kila sekunde moja. Kwenye paipu ya milimita 65 hewa hiyo inakimbia karibu kilomita 195 kwa saa. Kwenye ya 76 inashuka hadi kama 143. Hewa inayokimbia sana hupoteza presha zaidi, hasa kwenye kona, na hapo ndipo paipu kubwa ina maana. Ila faida inapungua haraka. Kutoka mpira uliojibana hadi paipu nzima ya saizi ya kiwandani ni hatua kubwa. Kutoka 70 hadi 76 kwenye injini yenye turbo ya kiwandani ni hatua ndogo mno, na kutoka 76 hadi 90 huwezi kuhisi kitu, kwa sababu mdomo wa turbo wenyewe umebaki vile vile.

Wanaodhani nguvu yote iko kwenye upana wa paipu waangalie mbio za magari. Kuanzia 1995 magari ya Ubingwa wa Dunia wa Rali yalilazimishwa kupitisha hewa yote kwenye tundu la milimita 34 lililo mbele ya turbo, likapunguzwa hadi 33 mwaka 2011, kisha likapanuliwa kuwa 36 mwaka 2017. Magari ya Kundi N, yale ya aina ya Impreza na Evolution yaliyozoeleka pia kwenye Pearl of Africa Rally, yalibanwa hadi 32. Kwa tundu lile la 34, dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, magari ya ubingwa yalitoa takriban nguvu-farasi 300. Na uvujaji una nguvu yake vilevile: mwaka 1995 timu ya Toyota ilifungiwa miezi 12 baada ya wakaguzi kugundua kizuizi chake kilikuwa na ujanja wa kupenyeza hewa pembeni. Hewa kidogo tu inayopita mlango wa nyuma inabadilisha injini.

Baada ya turbo mambo yanageuka. Hewa imeshashindiliwa, imechukua nafasi ndogo, kwa hiyo paipu ya milimita 57 hadi 63 inatosha injini kama hiyo. Ukiweka ya 76 kuanzia turbo hadi throto, unaongeza ujazo ambao turbo lazima iujaze kila unapokanyaga, na gari linachelewa kuitikia.

Kampala iko juu, na hilo lina gharama

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mabaraza mengi ya mitandao yanatoka nchi ambazo gari liko karibu na usawa wa bahari. Kampala iko kama mita 1,200 juu, na presha ya hewa hapa ni takriban kilopaskali 88 badala ya 101. Kabale, ikiwa kwenye mita kama 2,000, ni pungufu zaidi.

Turbo haijali busti peke yake. Inajali imeshindilia hewa mara ngapi. Pwani, busti ya bar 1, yaani kilopaskali 100, ni kushindilia mara 2. Kampala, busti ile ile ni kutoka 88 hadi 188, yaani mara 2.14. Sasa weka chujio lililojaa vumbi na mpira uliojibana, vipoteze kilopaskali 5. Turbo inaanzia 83, na lazima ishindilie mara 2.27 ili geji isome kitu kile kile. Ikiwa hewa inaingia kwenye turbo ikiwa na nyuzijoto 27, hiyo tofauti peke yake inapandisha joto la hewa inayotoka kutoka kama 131 hadi 140. Dereva haoni lolote kwenye geji, lakini turbo inazunguka kasi zaidi na injini inapokea hewa ya moto zaidi.

Kwa hiyo kwetu huku kupunguza kizuizi kabla ya turbo kuna thamani kubwa kuliko wanavyosema wenzetu wa pwani. Vivyo hivyo kuvuta hewa baridi. Chujio la koni lililoachwa wazi juu ya injini, kwenye foleni ya Jinja Road saa nane mchana, linavuta hewa ya nyuzijoto 55 badala ya 27. Nyuzi hizo 28 za ziada zinazidishwa na turbo na kutoka upande wa pili zikiwa karibu 38. Umelipa fedha kuchongesha paipu pana, kisha umeilisha hewa ya moto. Chujio la koni lijengewe boksi la bati la alumini lenye mpira ukingoni unaogusa boneti, na boksi hilo lipate hewa kutoka mbele ya gari.

Usilishushe chini ya bampa, ingawa huko ndiko baridi zaidi. Mvua moja ya alasiri, barabara ya Bwaise imejaa, na chujio linakunywa maji. Maji hayashindiliki, pistoni ikikutana nayo, fimbo yake inapinda. Na kwa anayeendesha kwenye murram, chujio la pamba lililopakwa mafuta lina ubaya wake: mafuta yakizidi hufika kwenye waya wa sensa, vumbi jekundu linaganda juu yake, na mizani inaanza kusoma pungufu. Chujio kavu la karatasi, lenye eneo kubwa na linalobadilishwa mapema, ndilo ninalolipendekeza kwa nchi hii bila kusitasita.

Kazi ya karakana

Shauri langu la kwanza linaokoa matatizo nusu: usichongeshe sehemu ya sensa. Chukua ile ya kiwandani, hata kama ni ya plastiki, ikatwe vizuri kutoka kwenye boksi la zamani au inunuliwe Kisekka kutoka gari la aina ile ile, na paipu mpya zijengwe mbele na nyuma yake. Mizani ibaki ile ile, mlango ndio ubadilike. Mwenye mpango wa kuandikiwa kompyuta upya ndiye peke yake mwenye sababu ya kuchongesha sehemu hii. Akiichongesha, kitako cha sensa kitolewe kwenye mashine ya kukereza, kina cha sensa ndani ya paipu kiwe kile kile cha mwanzo, na mshale ulioandikwa juu yake uelekee turbo. Pia iwe na njia iliyonyooka ya angalau sentimita 10 kabla yake na 5 baada yake. Sensa ikiwekwa mara tu baada ya kona, hewa inakuwa imeegemea upande mmoja na vipimo vinayumba.

Kiolezo kitengenezwe kwenye gari lenyewe, injini ikiwa baridi. Hapa vipande vya PVC vya bomba la maji vinafaa sana: vikate, vishikishe kwa gundi ya moto, pindisha hadi vipite vizuri, kisha mpelekee fundi. Vinafaa kwa kiolezo tu. PVC huanza kulainika kwenye nyuzijoto kama 80, na hewa inayotoka kwenye turbo imeshapita 130. Zipo gari zinazotembea na paipu hizo zilizopakwa rangi ya fedha. Siku zikilainika, paipu inajikunja.

Acha nafasi ya milimita 15 hadi 20 kati ya paipu na kila kitu kigumu. Injini hukaa juu ya mipira na hujitikisa dereva anapokanyaga ghafla, wakati bodi imetulia. Paipu iliyofungwa kwa injini ikigusa bodi, mshono utapasuka, na utapasukia pale pale usipoonekana. Kila mahali paipu inapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi lazima pawe na kiungo cha silikoni.

Chuma kinachofaa ni paipu ya alumini yenye ukuta wa milimita 1.6 hadi 2, iliyounganishwa kwa welding ya TIG na gesi ya agoni. Stenlesi ya milimita 1.5 ni nzuri pia, ila ni nzito zaidi. Kataa paipu ya ekzosi ya chuma cha kawaida kabla ya turbo. Ndani yake hushika kutu, na kutu hubanduka vipande vidogo vinavyoingia kwenye feni ile ya mizunguko 100,000. Chembe ndogo kama punje ya wimbi inatosha kuuma ncha za feni.

Kwa flenji, yaani sahani za kufungia paipu kwa bolti, na adapta, usikubali alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Mafundi wa Katwe wana ustadi mkubwa wa kuyeyusha alumini kwa sufuria, na sufuria hizo zinapikia nchi nzima. Lakini alumini hiyo ina vitundu vya gesi na mchanganyiko usiojulikana. Ikichomelewa hutoa povu, na ikitikiswa miaka miwili hupasuka. Flenji ikatwe kwenye sahani ya alumini ya milimita 10. Unene huo unaizuia isipinde kwa joto la welding, na hata hivyo isuguliwe kwa msasa juu ya kioo au jiwe bapa baada ya kuchomelewa, mpaka uso wote ung'ae sawasawa.

Kona zinunuliwe zimeshapindwa, kisha zikatwe na kuunganishwa. Mashine ya kupindia ekzosi huikunja paipu na kuibana ndani ya kona, na paipu ya 70 hubaki na njia ya 55 hapo.

Ncha ya paipu isiachwe laini. Silikoni juu ya alumini laini, yenye ukungu wa mafuta na bar 1 ya presha, huchomoka kama sabuni mkononi. Ncha iinuliwe ukingo kwa mashine, na kama mashine haipo, fundi azungushe mshono mwembamba wa welding na kuusawazisha kwa tupa. Silikoni iingie milimita 30 hadi 40, na klampu ikae nyuma ya ukingo, siyo juu yake. Upande wa busti tumia klampu ya bolti yenye utepe mpana. Ile ya bisibisi yenye matundu kwenye utepe hukata silikoni taratibu.

Silikoni zenyewe hazifanani. Kabla ya turbo tafuta iliyo na waya wa chuma ndani, ili isijibane. Pia ujue kwamba silikoni ya kawaida hulainika ikilowana mafuta ya injini kwa muda mrefu, na upande huu hupokea mvuke wa mafuta. Iliyo na tabaka la ndani la kuzuia mafuta ni ghali, na thamani yake inaonekana baada ya mwaka.

Kisha usafi. Baada ya welding, paipu ioshwe kwa maji moto na sabuni, isuguliwe ndani kwa brashi, ikaushwe, na kitambaa cheupe kivutwe ndani yake mpaka kitoke cheupe. Kazi hii huchukua nusu saa na ndiyo inayorukwa zaidi. Vumbi la grainda ni msasa, na kituo chake cha kwanza ni turbo.

Matundu madogo yanayosahaulika

Mpira wa kiwandani unaoingia kwenye turbo una viungo vidogo pembeni, na kila kimoja kina kazi. Kwenye Impreza za injini ya EJ mpira huo umepita chini ya maniforodi, kuuondoa ni kuinua maniforodi nzima, kwa hiyo ukiharibu hesabu hapa utalipa kazi mara mbili. Kabla ya kuutupa, upige picha pande zote na upime kila tundu kwa kalipa.

Tundu moja hupokea mvuke wa injini. Wengine huliziba kwa sababu linaleta mafuta. Injini isipopumua, presha hujengeka chini na kusukuma mafuta kupitia sili. Jingine ni la hewa inayorudi kutoka valvu ya kuachia busti. Dereva akiinua mguu, throto hufunga na hewa iliyokwisha pimwa lazima ipate pa kwenda. Kiwandani inarudishwa kabla ya turbo. Wapenda ule mlio wa "pshii" huiachia nje, na keshia anakuwa amelipia gunia lililomwagwa barabarani: kila ukibadili gia, injini inapata petroli ya ziada, inakohoa, na wakati mwingine inazima. Kwa gari lenye sensa ya waya moto, mlio huo ni hasara tupu. Tundu dogo kabisa ni la solenoidi, yaani valvu ya umeme inayotawala busti. Likisahaulika, busti huweza kuyumba au kupanda kupita kiasi.

Kupima uvujaji kabla ya kuwasha

Usiamini macho. Tengeneza kizibo cha mdomo wa paipu, chuma au plastiki nene, kitobolewe na kufungwa valvu ya tairi lisilo na tyubu, ile inayopatikana kwa fundi yeyote wa pancha. Kifunge mahali pa sensa, klampu ikaze. Bana mpira wa mvuke wa injini kwa koleo lisilo na meno ili presha isiende kwenye sili. Tia hewa polepole ukitumia regyuleta: anza na bar 0.3, zunguka na maji ya sabuni kwenye kila kiungo, halafu panda hadi kama bar 1. Usisimame mbele ya kizibo. Kikichomoka kinaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa, na usikubali fundi wa pancha ashike bomba la kompresa bila regyuleta.

Povu dogo kwenye mshono si la kupuuza. Irudi kwa fundi, siyo kwa gundi. Gundi ya epoksi kabla ya turbo ni kipande kingine kinachosubiri kumezwa.

Je, kompyuta haijisomei yenyewe?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu ni nusu. Ukiendesha taratibu, kompyuta husikiliza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi na kurekebisha petroli kidogo kidogo. Ukikanyaga hadi chini, inaacha kusikiliza na kufuata kitabu cha mizani. Yaani inajisahihisha pale ambapo kosa halina madhara, na haijisahihishi pale linapoua injini. Ndiyo maana gari huendeshwa mjini miezi mitatu bila shida, kisha linavunjika siku moja likipanda kuelekea Kabale.

Marekebisho hayo ya petroli ni dirisha zuri la kuchungulia. Chomeka skana ya OBD, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, pasha injini moto, uangalie tarakimu ya marekebisho ya muda mrefu ikiwa imesimama na ikiwa inatembea kwa mwendo wa kawaida. Ndani ya asilimia 5 juu au chini, uko salama. Ikizidi +10, kompyuta inaongeza petroli kufidia hewa isiyopimwa: tafuta tundu kati ya sensa na turbo, au sehemu ya sensa imepanuka. Ikiwa chanya kwenye mwendo wa polepole tu kisha inarudi sawa ukienda kasi, ni tundu dogo. Ikiwa chanya kila mahali kwa kiasi kile kile, ni kipenyo. Andika tarakimu hizi kabla ya kubadilisha chochote, ili uwe na cha kulinganisha.

Kama sehemu ya sensa imebadilika, programu ya kompyuta lazima iandikwe upya, kwa sensa ya oksijeni ya upana mkubwa ikiwa imefungwa kwenye ekzosi, na juu ya dainamomita, yaani mashine ya kupimia nguvu ya gari, au uwanja uliofungwa. Entebbe Expressway si maabara. Mwandishi wa programu aambiwe pia gari linakunywa petroli ya okteni gani, yaani inazuia injini kugonga kwa kiasi gani. STI za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa huko ikiwa na okteni karibu na 100. Programu iliyonakiliwa kutoka mtandaoni kwa petroli hiyo haifai kutiwa gari linalojazwa hapa.

Gari likishatoka, klampu zote zikazwe tena baada ya kilomita 200, kwa kuwa silikoni hujipanga upya ikipata joto mara ya kwanza. Kwenye kilomita 1,000 fungua mpira unaoingia turbo, pitisha kidole ndani. Ukungu mwembamba wa mafuta ni wa kawaida. Vumbi jekundu, hata kidogo, maana yake hewa inapita mahali pasipo na chujio, na gari lisitembee mpaka pajulikane.